Floraidi katika Maji ya Meru

Yafahamika kwamba kuchemsha maji huua vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo. Floraidi, hata hivyo, haiondoki. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe huzidi kukolea, wala ulimi hauitambui. Kandokando ya Mlima Meru, miamba ya volkano huzitia chemchemi nyingi floraidi inayopita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Mtoto anywaye maji hayo wakati meno yake yangali yanaumbika, huota meno ya kahawia. Floraidi ikizidi mno kwa miaka mingi, mifupa nayo huharibika. Magadi ya kulainishia maharage huiongeza chunguni. Watafiti wa Ngurdoto wameyachuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa: kalsiamu fosfati iliyomo huinasa floraidi, mpaka mifupa ishibe, ndipo hubadilishwa.