Mbwa anapokufa: Msiba usio na matanga mjini Songea

Na Mwandishi Wetu, Songea

MJI wa Songea unajua kuomboleza. Kila mwaka ifikapo Februari 27, wakazi wake hukusanyika kwenye Makumbusho ya Taifa ya Maji Maji kuwakumbuka viongozi na wapiganaji wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Jirani naye akifiwa, hakuna anayehitaji kufundishwa la kufanya. Turubai hufungwa, kina mama huinjika masufuria, wanaume huketi nje hadi usiku wa manane, na daftari la rambirambi huzungushwa.

Upo hata hivyo msiba mmoja usio na turubai wala daftari. Ni msiba wa mbwa wa nyumbani.

Katika kata za Bombambili, Lizaboni, Mfaranyaki au Matarawe, mbwa aliyelinda lango kwa miaka minane akikutwa amekauka alfajiri, shughuli huisha kabla ya saa nne asubuhi. Kijana hupewa fedha kidogo na jembe, mzoga huzikwa nyuma ya shamba, na kila mtu huendelea na kazi zake. Baba mwenye nyumba akishindwa kula jioni, atasema ana malaria. Anayethubutu kusema kazini kwamba amefiwa na mbwa huishia kuchekwa.

Lugha yenyewe haimsaidii mtu huyo. Kwa Kiswahili binadamu hufariki dunia, mbwa hufa tu. Mwili wa binadamu ni maiti, wa mbwa ni mzoga. Neno mbwa ni tusi zito, na mtu akionywa asizoeane na asiyestahili huambiwa kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Lililobaki ni neno la wafugaji, "amenifia", ambalo hubeba hasara na uchungu kwa pamoja bila kueleza kipi ni kikubwa zaidi.

Uchungu huo ni wa kweli, na wataalamu wa saikolojia wamekwisha kuupa jina. Mwaka 1989 mwanazuoni wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika kuhusu majonzi ambayo jamii haiyatambui, yaani yale ambayo mtu anayo lakini hana ruhusa ya kuyaonyesha. Kifo cha mnyama wa nyumbani ni miongoni mwa mifano inayotajwa mara kwa mara. Kinachoyafanya yawe mazito si ukubwa wa aliyekufa. Uzito unatokana na kukosekana kwa pole, siku za kukaa msibani na watu wa kuzungumza nao.

Sababu nyingine imo mwilini. Watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2015 matokeo yaliyoonyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wanapotazamana, kiwango cha homoni iitwayo oksitosini huongezeka kwa wote wawili. Homoni hiyo ndiyo ile ile inayohusika na kumfunganisha mama na mtoto wake mchanga. Kwa hiyo anayesema kwamba mbwa wake alikuwa kama mtoto anaongea jambo lenye msingi, ingawa majirani wataona amevuka mipaka.

Halafu kuna mazoea. Mbwa hana habari na cheo, mshahara wala madeni ya mtu, hivyo humpokea kila anaporudi kana kwamba amepotea mwaka mzima. Akifa, saa za nyumba hubadilika. Hakuna wa kutupiwa ukoko wa ugali, na pikipiki ikipita usiku hakuna anayebweka. Wengi hueleza kwamba ukimya huo wa usiku ndio unaouma kuliko hata siku ya kumzika.

Tanzania yenyewe imeupa ulimwengu ushahidi kwamba huzuni si mali ya binadamu peke yake. Mwaka 1972, katika Hifadhi ya Gombe mkoani Kigoma, sokwe jike mzee aliyeitwa Flo alikufa, na gazeti la Sunday Times la Uingereza likamwandikia taazia. Mwanawe Flint, aliyekuwa na umri wa miaka minane na ushee, alizubaa, akaacha kula, akadhoofika na kufa wiki tatu hivi baadaye. Jane Goodall, mtafiti aliyeanza kazi Gombe mwaka 1960 na kufariki dunia Oktoba 2025, alisimulia mara nyingi kwamba aliyemfundisha mapema kuwa wanyama wana akili na hisia ni mbwa wa utotoni mwake, Rusty.

Kaburi la mbwa wa Kaisari

Ulaya mambo ni tofauti, na mfano mmoja wa huko unaigusa Songea kwa namna ambayo wengi hawaijui.

Wajerumani wana aina ya mbwa aitwaye dakshundi, mwenye kiwiliwili kirefu na miguu mifupi mno. Jina lake limeundwa kwa maneno mawili, moja la mnyama mchimba mashimo wa jamii moja na nyegere, na jingine likiwa na maana ya mbwa. Alizalishwa kwa makusudi ili aweze kuingia shimoni na kumtoa mnyama huyo. Mitaani Songea, ambako mbwa wa kienyeji ndio wenye mji, aina hiyo si ya kawaida, lakini wanamichezo wa Afrika Mashariki waliofika Munich mwaka 1972 walimkuta kila mahali, kwani mwanasesere wa Olimpiki ile alikuwa dakshundi aitwaye Waldi. Hata njia ya mbio za marathoni ilichorwa kwa umbo lake.

Kaisari Wilhelm II, aliyetawala Ujerumani kuanzia mwaka 1888 hadi 1918, alikuwa mpenzi mkubwa wa mbwa hao. Mmoja wao, Erdmann, alipokufa mwaka 1901, Kaisari alimzika katika bustani ya kasri lake la Wilhelmshöhe mjini Kassel na kumwekea jiwe la kumbukumbu. Jiwe hilo limeandikwa jina la mbwa, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na kwamba alikuwa mwaminifu.

Miaka mitano baadaye askari wa Kaisari huyo huyo waliwanyonga mashujaa wa Songea, na wengi wao wakafukiwa katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu unabeba jina lake, alizikwa peke yake, na familia yake inaamini kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaomba radhi mbele ya wajukuu wa mashujaa hao na kuahidi kwamba nchi yake ingesaidia kukitafuta kichwa hicho.

Ni rahisi kuelewa, basi, kwa nini mtu wa Songea anaweza kukunja uso akisikia habari za jiwe la kaburi la mbwa. Kosa la Kaisari halikuwa kumlilia Erdmann. Kosa ni kwamba huruma hiyo iliishia kwenye lango la bustani yake. Mwalimu wa Matarawe anayemlilia Simba wake hana deni hilo, na hakuna sababu ya kumlipisha.

Kwa wenye dakshundi, huzuni mara nyingi huja na swali la hatia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba miguu yao mifupi inatokana na nakala ya ziada ya jeni moja, na mbwa wa umbo hilo huwa na pingili za mgongo zenye gegedu linalozeeka haraka. Gegedu likichomoza na kubana uti wa mgongo, miguu ya nyuma hupooza, wakati mwingine kwa siku moja tu. Hapo mwenye mbwa hutakiwa kuamua kama ni upasuaji wa gharama kubwa au sindano ya kumpumzisha. Wengi huishi miaka wakijiuliza kama waliharakisha.

Mbwa wa Songea hafi kwa mgongo. Hugongwa na magari katika barabara za Njombe, Mbinga na Tunduru, hulishwa sumu na wezi, au huuawa na magonjwa ya kupe. Wengine hupigwa risasi, kwani halmashauri mbalimbali nchini zimewahi kuendesha operesheni dhidi ya mbwa wanaozurura. Mashambani, ambako hulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori na nyani, huwa hawarudi tu. Anayebaki naye hujilaumu: angefunga geti, angemfunga mnyororo, angemchanja.

Dini nazo hutajwa haraka kama kizuizi. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo au mashamba anaruhusiwa, na Kurani katika sura ya Al-Kahf inamtaja mbwa aliyekuwa pamoja na vijana waliolala pangoni. Kwa Wakatoliki, ambao ni wengi mkoani Ruvuma tangu enzi za wamisionari wa Peramiho, Kitabu cha Tobiti kinasimulia safari ya kijana Tobia akiwa na malaika, na mbwa akiwafuata. Hakuna mahali ambapo mwenye mbwa anakatazwa kuhuzunika.

Upendo unapoleta hatari

Aibu ya kumlilia mbwa ina hasara nyingine, na hii inaweza kuua.

Kichaa cha mbwa mara nyingine huanza kama ugonjwa wa kuhurumiwa. Mbwa mpole hujitenga gizani, sauti yake ya kubweka hubadilika, taya hulegea, mate hutiririka na maji hayapiti kooni. Watu wa nyumbani hudhani amekwamwa na mfupa. Anayempenda kuliko wote, ambaye mara nyingi ni mtoto, humpanua kinywa na kuingiza vidole kuutafuta. Siku chache baadaye mbwa hufa, huzikwa upesi, na habari zake hufungwa kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana anazungumzia mbwa.

Virusi vya ugonjwa huo havina haraka. Kwa kawaida dalili kwa binadamu hutokea baada ya miezi miwili au mitatu, ingawa zinaweza kuonekana baada ya wiki moja au hata mwaka. Zikishaanza, mgonjwa karibu kila mara hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na kwamba takriban asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalikuwa vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka.

Kumshika mbwa manyoya hakuambukizi. Kinachoambukiza ni kung'atwa, kukwaruzwa, au mate kuingia kwenye kidonda, jicho au kinywa. Aliyepatwa na mojawapo anatakiwa kuosha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo bila kusubiri dalili. Mbwa aliyekufa katika mazingira ya kutia shaka asifukiwe kimya kimya. Afisa mifugo apewe taarifa kwanza, maana uhakika hupatikana kwa kupima ubongo, na majibu hayo yanaweza kuamua uhai wa mtoto.

Wataalamu wanaeleza kuwa mbwa saba kati ya kila kumi wakichanjwa mara kwa mara, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Kwa mbwa aliyekufa kwa uzee au ajali, mazishi ya heshima hayana gharama. Shimo lichimbwe mbali na kisima, lipite kina cha mita moja ili mbwa wengine wasifukue, na anayembeba avae glovu au mifuko ya plastiki mikononi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, hivyo kumtupa jalalani au kumwacha mfereji wa barabarani ni tabia isiyolingana hata na sheria ya nchi, mbali na harufu.

Linalobaki ni watoto. Wazazi wengi huona ni huruma kuwaficha, wakati mtoto wa miaka mitano hadi saba ndiyo kwanza anaanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi. Kumwambia kwa maneno ya wazi kwamba mbwa amekufa, kumruhusu aone anapozikwa na kumwacha alie kunamsaidia kuliko hadithi. Mbwa mpya naye asiletwe kesho yake kana kwamba wa kwanza alikuwa ndoo iliyotoboka. Mtoto aliyeambiwa kwamba Popi amepelekwa kwa bibi Namtumbo ataendelea kuuliza anarudi lini, na kila gari litokalo huko litamkimbiza hadi getini.