Mkanda wa Usalama: Kamba Imefungwa Wapi?
Fundi anayefanya kazi juu ya mjengo anahitaji mkanda wa usalama unaoshika mabega, kifua na mapaja. Ule wa kiunoni pekee unaweza kumuumiza akianguka.

Mkanda huo huokoa tu iwapo kamba yake imefungwa pahali imara, juu ya kichwa. Kamba ya mita 2 ikifungwa usawa wa miguu, fundi huanguka zaidi ya mita 3 kabla haijakaza. Akiwa ghorofa ya kwanza, mita 3 kutoka chini, atagonga ardhi kamba ikiwa bado imelegea.

Mkanda uliowahi kumzuia mtu akianguka usitumiwe tena.

Kwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, mwajiri ndiye anayegharamia vifaa hivi, si fundi.