Wamonaki wa Peramiho na heshima ya jembe

Kanuni aliyoiandika Mtakatifu Benedikto nchini Italia katika karne ya sita ina sura 73. Nyingi zinazungumzia zaburi, utii na unyenyekevu, mambo yanayotarajiwa kutoka kwa abate. Sura ya 32 inahusu zana. Abate anatakiwa kuwa na orodha ya vifaa vyote vya monasteri, ajue nani amekabidhiwa nini na nini kimerudishwa. Mmonaki anayekitumia kifaa kwa uchafu au uzembe akaripiwe. Sura inayoitangulia inamtaka mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya nyumba kama anavyovitazama vyombo vitakatifu vya altare. Jembe lenye udongo na kikombe cha misa, kwa macho ya Benedikto, vinadai uangalifu uleule.

Kanuni hiyo ilifika Ungoni mwaka 1898, padri Cassian Spiss alipoanzisha misheni ya Peramiho, magharibi mwa Songea. Alitoka katika shirika la Wabenediktini wamisionari wa St. Ottilien, Ujerumani. Historia za misheni hupenda kuwataja mapadri na maaskofu, lakini Peramiho isingesimama bila mabruda, watawa wasio na upadri ambao ndio waliokuwa waashi, maseremala, wahunzi na mafundi mitambo. Mikononi mwao, kwa miaka mingi, kijiji kilipata karakana, shule ya ufundi na kiwanda cha uchapaji. Hospitali ya Mtakatifu Yosefu iliyopo hapo inatibu wagonjwa wa mkoa wa Ruvuma hadi leo. Na Mkatoliki wa Tanzania aliyekuzwa na vitabu vya sala huenda ameliona jina la Ndanda–Peramiho kwenye jalada hata kama hajawahi kukanyaga kusini.

Habari hii ingekuwa tamu mno kama ingeishia hapo.

Kusini mwa nchi, mwanzoni mwa karne ya 20, kazi ilinuka kiboko. Serikali ya Wajerumani iliwalazimisha watu kulima pamba katika mashamba ya pamoja kwa ujira usiotosha chumvi, na mwezi Julai 1905 wenyeji wa Umatumbi wakaanza kuing’oa. Ndivyo vilivyoanza vita vya Majimaji. Tarehe 14 Agosti mwaka huohuo, Spiss, ambaye sasa alikuwa askofu, aliuawa njiani karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Wiki chache baadaye Peramiho ikachomwa moto. Wapiganaji hawakuwa na sababu ya kumtenganisha Mzungu aliyehubiri kazi na Mzungu aliyewachapa watu fimbo ili wafanye kazi. Wote walikuja na bendera moja. Anayeusifu uchapakazi wa Kikristo Afrika Mashariki bila kuugusa mwaka 1905 anasimulia nusu ya habari.

Hata hivyo, ukiisoma Kanuni yenyewe unakuta kazi ya aina nyingine kabisa na ile ya shamba la pamba. Sura ya 48 inaanza kwa kuonya kwamba uvivu ni adui wa roho, na wahubiri wengi huishia kwenye onyo hilo. Wakiendelea kusoma watakuta kwamba Benedikto anaigawa siku: saa za kazi ya mikono, saa za kusoma, saa za sala, na wakati wa joto kali mapumziko ya kitandani baada ya chakula cha mchana. Walio wagonjwa au dhaifu wapewe kazi wanayoiweza, wasikae bure lakini pia wasielemewe hata wakatamani kutoroka. Mambo yote yafanyike kwa kiasi. Kauli ya “Sala na Kazi”, inayohesabiwa kuwa wito wa Wabenediktini duniani kote, haimo ndani ya Kanuni, ila inaufupisha vizuri mpangilio wa siku hiyo.

Sura ya 57 ndiyo inayowachoma mafundi. Fundi anayejivuna kwamba ustadi wake unainufaisha monasteri anaondolewa kwenye ufundi huo hadi ajinyenyekeze. Bidhaa zikiuzwa, bei iwe chini kidogo ya ile ya sokoni, tamaa isije ikapenya. Ni ushauri mgumu kwa zama hizi ambapo baadhi ya mimbari zinaahidi magari na nyumba kama malipo ya imani, na nyingine zinamhimiza muumini ajitume usiku na mchana mpaka atajirike. Zote mbili zinaifanya kazi kuwa ngazi ya kufikia fedha. Mtume Paulo, aliyeshona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, alitaka kitu kidogo kuliko hicho: asiwe mzigo kwa waliomsikiliza. Maneno yake makali kwa Wathesalonike yaliwalenga waliokataa kufanya kazi, na si haki kumtupia kijana aliyezungusha barua za maombi mwaka mzima bila kupata ajira.

Urithi huo sasa uko mikononi mwa Waafrika. Hanga, iliyoanza mwaka 1957 mkoani Ruvuma, ni monasteri ya wamonaki wa Kiafrika, na kutoka humo ikazaliwa Mvimwa mkoani Rukwa. Lakini mfano unaoshangaza zaidi ni wa masista wa Mtakatifu Agnes wa Chipole. Watawa hao wanamiliki mitambo ya umeme wa maji ya Tulila, kwenye Mto Ruvuma, yenye uwezo wa megawati 5. Ilianza kazi mwaka 2015 na umeme wake ukauzwa kwa TANESCO, wakati Songea ikiwa bado haijaunganishwa na gridi ya taifa na ikitegemea majenereta ya dizeli. Gridi ilifika mwaka 2018. Kwa miaka hiyo mitatu, baadhi ya taa za mji ziliwashwa kwa jasho la masista.

Yapo mashamba, shule na zahanati za makanisa mengine zenye sifa kama hizo, za Walutheri, Waanglikana na Wamoraviani, na kila moja ingeweza kujaza ukurasa wake. Swali linalofaa kuulizwa kwenye zote ni la mishahara. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unawageukia wenye mashamba wanaozuia ujira wa wavunaji na kusema kilio cha vibarua hao kimefika masikioni mwa Bwana. Basi wachungaji, mapadri na wazee wa kanisa watakaosimama Jumapili kuhimiza bidii, waanze kwa kukagua daftari la malipo la parokia au usharika: mlinzi wa usiku, mpishi, mwalimu wa chekechea na katekista. Kama kuna anayedai mshahara wa miezi iliyopita, alipwe kwanza, kisha mahubiri yaendelee.