Baiti 16 kwa mpigo mmoja

Toleo hili naomba niwaibie dakika chache, niongelee jambo lililonipotezea wiki tatu za utafiti. Najua si wote ni watu wa kompyuta, lakini siku hizi wanaoandika programu kwa ajili ya tasnifu ni wengi, hata wachumi na watu wa hali ya hewa wamo, na mtego huu unamnasa yeyote.

Programu yangu inagawa kazi kwa thredi nyingi, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba ndani ya programu moja. Zote zinachota kazi kwenye rundo moja. Thredi inasoma anwani ya kazi iliyo juu, tuseme A, inaangalia iliyo chini yake, B, kisha inaiambia prosesa: kama juu bado ni A, weka B. Hii ni operesheni ya atomiki: ama inafanyika yote, ama haifanyiki kabisa, na hakuna thredi inayoweza kuchungulia katikati.

Kwenye laptop yangu mambo yalikuwa shwari. Kwenye mashine ya idara yenye prosesa nyingi, programu ikawa inaanguka mara kwa mara. Mbaya zaidi, kuna siku haikuanguka ila ilitoa majibu ya uongo, na mimi nilikuwa nimeshampelekea msimamizi wangu grafu mbili. Niliona aibu kweli.

Kosa langu lina jina: ABA. Chukulia ubao wa jikoni kwenye nyumba tunazopanga wanafunzi. Umesoma "zamu ya Juma", ukaenda dukani. Nyuma yako Juma kapika, kafuta jina, Asha kapika, kisha zamu imerudi kwa Juma. Unarudi, unasoma "Juma", unadhani hakuna kilichobadilika. Programu yangu nayo iliona A, kumbe A ilishaondolewa na kurudishwa, na B ilikuwa haipo tena kwenye rundo.

Dawa yake ya siku nyingi ni kuweka namba ya zamu pembeni ya jina: "Juma, 14" si sawa na "Juma, 16". Lakini hapo ndipo kazi inapoanza. Jina na namba lazima visomwe na kuandikwa kwa mpigo mmoja, la sivyo utapata jina la leo na namba ya jana. Kwenye kompyuta ya biti 64, anwani ni baiti 8 na namba ni baiti 8. Jumla 16, wakati operesheni ya kawaida ya atomiki inabeba 8 tu.

Je, prosesa zinaweza? Inategemea. Pentium ya 1993, iliyokuwa ya biti 32, ilikuja na amri ya CMPXCHG8B, yaani upana wake mara mbili. Lakini prosesa za kwanza za AMD za biti 64, mwaka 2003, hazikuwa na ndugu yake, CMPXCHG16B. Ikaongezwa baadaye, na Windows 8.1 ya biti 64, mwaka 2013, ikaifanya sharti. ARM ya biti 64 ina jozi ya LDXP na STXP, na toleo la ARMv8.1 likaongeza CASP. RISC-V ya msingi haina kitu hicho.

Sasa kompaila inafanyaje? Tangu C na C++ za 2011, unaruhusiwa kutangaza jozi ya upana huo kuwa ya atomiki. Ikiwa na uhakika kwamba prosesa inayolengwa ina amri inayofaa, inaweza kuiweka moja kwa moja. Isipokuwa na uhakika, inaita laibrari ya libatomic, nayo inaangalia prosesa wakati programu inakimbia. Ikikosa amri, inatumia kufuli: thredi moja inaingia, nyingine zinasubiri nje. Jibu ni sahihi, ila mwendo ni wa kinyonga.

Kuna vituko viwili vya kujua. Kwanza, kusoma baiti 16 kwa CMPXCHG16B ni kuandika pia, hivyo ukisoma kwenye memori isiyoruhusiwa kuandikwa, programu inaanguka. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya GCC 7, mwaka 2017, iache kuiweka amri hiyo yenyewe na kupeleka kazi kwa laibrari. Pili, kufuli la laibrari linakaa ndani ya programu yako peke yake. Programu mbili zikishirikiana memori, kila moja ina kufuli lake, na hakuna anayemzuia mwenzake. Vivyo hivyo, sehemu moja ya programu ikitumia kufuli na nyingine ikatumia amri ya prosesa juu ya data ileile, ulinzi haupo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Anwani ya data yako igawanyike kwa 16. Uunganishaji ukikwama kwa jina lisilojulikana, ongeza -latomic. Uliza is_lock_free kwenye mashine utakayotumia, si kwenye laptop tu. Na sehemu zote zijengwe kwa kompaila moja yenye mipangilio ileile.

Mimi mwishowe nilikwepa baiti 16 kabisa. Kazi zangu hazifiki bilioni nne, basi nikaziweka kwenye safu moja, nikatumia namba ya nafasi ya biti 32 badala ya anwani, na namba ya zamu ya biti 32. Jumla baiti 8, ambazo mashine zote ninazotumia zinazibeba kwa mpigo mmoja. Namba ya zamu inaweza kuzunguka na kurudi sifuri, lakini thredi ingepaswa kulala muda ambao rundo linabadilika zaidi ya mara bilioni nne, tena iamke kwenye namba ileile. Hatari hiyo nimeikubali, na nimeiandika kwenye tasnifu.

Grafu mbili nimezirudia. Moja ilibaki ileile, nyingine ilibadilika. Nikamwandikia msimamizi kabla hajaniuliza.