Dawa ya macho unaitia, lakini inafika kwenye kope?

Kwenye mialo ya Ziwa Victoria, samaki wanapokaushwa kwa moshi, si ajabu kumkuta mama akipangusa machozi kwa ncha ya kanga siku nzima. Atakwambia ni moshi tu. Moshi, vumbi na upepo vinachangia kweli, lakini kwa baadhi yao machozi hayo ni dalili ya macho makavu.

Inakuwaje jicho kavu litoe machozi? Machozi si maji matupu. Juu yake hutanda utando mwembamba wa mafuta unaoyazuia yasikauke haraka. Mafuta hayo hutoka kwenye tezi zilizojipanga ndani ya kope, takriban 25 hadi 40 kope ya juu na 20 hadi 30 ya chini. Matundu yake yako ukingoni, nyuma tu ya nywele za kope. Daktari Mjerumani Heinrich Meibom alizieleza mwaka 1666, na hadi leo zinaitwa kwa jina lake. Mafuta yakiganda kama samli wakati wa baridi, matundu huziba, machozi hukauka, jicho huwasha, na mwili hujibu kwa kumwaga maji mengi yasiyo na mafuta ya kutosha. Kwa mtoto, tezi iliyoziba inaweza kujitokeza kama uvimbe kwenye kope. Wengi nyumbani huuita chokea.

Matone ya duka la dawa hukwama hapo. Tone moja ni kubwa kuliko jicho linavyoweza kushika. Ziada humwagikia shavuni au hupita kwenye mfereji ulio kona ya ndani kuelekea puani, ndiyo maana unahisi uchungu kooni. Ukiongeza tone la pili papo hapo, unalisafisha la kwanza.

Ili dawa ifike kwenye tezi, inapita kwenye ngozi laini ya ndani ya kope, maana tezi ziko nyuma yake tu, au pale ukingoni kwenye matundu. Marhamu hukaa muda mrefu kuliko matone. Azithromaisini, dawa ileile iliyogawiwa kwa wananchi Kongwa, Dodoma, kupambana na trakoma, ina sifa ya kuingia kwenye nyama za mwili na kubaki humo siku kadhaa. Kwa hiyo madaktari huitumia pia kwa kope zenye tatizo hili.

Lakini mafuta yaliyoganda yanahitaji joto kwanza. Nawa mikono. Chovya kitambaa safi kwenye maji yaliyochemshwa yakabaki ya uvuguvugu, ukiyapima kwa kifundo cha mkono, kisha kiweke juu ya macho yaliyofumbwa dakika 5 hadi 10, ukikichovya tena kinapopoa. Kanda kope taratibu kuelekea kwenye nywele zake: ya juu kushuka, ya chini kupanda. Ndipo utie tone moja, ufumbe jicho na kubonyeza kona ya ndani dakika moja au mbili. Kama kuna dawa ya pili, subiri dakika 5. Marhamu huja mwisho. Kazi hii ni ya kila siku kwa wiki kadhaa, na hapa wengi hukata tamaa.

Kupepesa husaidia kusukuma mafuta, na tukitazama simu tunapepesa kidogo sana. Pepesa sasa hivi, kabla hujaendelea.

Kinachonitia hofu zaidi ni matone yenye deksamethasoni yanayonunuliwa bila cheti. Hupoza wekundu haraka, mtu akaamini amepona, akaendelea kuyatumia miezi. Yanaweza kupandisha presha ya macho na kuharibu mshipa wa kuona, na uoni uliopotea kwa njia hiyo haurudi. Kwa mtoto, usiyaguse bila daktari. Akiwa na maumivu makali, anakwepa mwanga au haoni vizuri, usingoje kitambaa cha moto: mpeleke hospitali yenye daktari wa macho, kama Bugando, siku hiyohiyo.