Deni la Trafiki Haliozi

Kijana mmoja alinipigia simu akiwa Sakina, kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Kapata Noah nzuri, bei wameelewana, kadi ya gari iko mezani. Nikamwambia asitoe hata shilingi kwanza: afungue tovuti ya polisi wa usalama barabarani, tms.tpf.go.tz, aandike namba ya gari, asubiri. Muda si mrefu akanitumia picha ya kioo cha simu yake. Mistari minne. Usa River, mwendokasi. Maji ya Chai, mwendokasi. Kilombero, kusimama pasiporuhusiwa. Kisongo, mwendokasi tena. Mstari wa zamani ulikuwa umepitisha miaka miwili. Muuzaji aliapa kwamba hajui lolote, nami nilimwamini, kwa sababu gari lilikuwa la biashara na usukani wake ulishikwa na watu wengi.

Madereva hapa Arusha huniuliza sana: kosa la barabarani linakaa miaka mingapi kwenye rekodi? Wengi wamelipata swali hilo kwa ndugu zao walioko nje. Uingereza, kwa mfano, askari au mahakama hukutia pointi kwenye leseni. Pointi za makosa mengi hukaa miaka 4, za kuendesha umelewa hukaa miaka 11, na ukifikisha pointi 12 ndani ya miaka 3 leseni inaondoka. Kosa la huko lina umri. Linazaliwa, linakaa, kisha linafutwa.

Kwetu hesabu ni nyingine. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, inamruhusu askari kukuandikia kosa papo hapo badala ya kukufikisha mahakamani, iwapo umelikubali. Faini iliyozoeleka ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Kwa bodaboda na bajaji ilishushwa hadi 10,000 katika bajeti ya mwaka 2021/22. Mashine inatema karatasi yenye namba ya kumbukumbu ya malipo, nawe unalipa kwa simu au benki. Ukilipa, deni limekwisha. Usipolipa, mstari unabaki palepale na nyongeza ya kuchelewa inakaa pembeni yake. Usingoje mwaka wa kujifuta, kwa sababu deni hilo linafutwa na malipo.

Neno "umelikubali" lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukiona umeonewa, una haki ya kukataa na kuomba shauri liende mahakamani. Wengi huchukua karatasi kwa hasira, wakaitupa kwenye droo ya gari, wakidhani kutolipa ndiyo kukataa. Siyo. Umeandikiwa, na deni linahesabika.

Sasa tuje kwa deiwaka, yule dereva wa kushikia gari kwa siku, maana hapo ndipo wenye magari wanapoumia. Dereva wa haisi ya Ngaramtoni anaumwa, anampa rafiki usukani kwa siku moja. Rafiki anakimbizana na hesabu ya tajiri, anapita penye kibao cha 50 akiwa na 70, anapigwa tochi. Jioni anarudisha gari na hesabu kamili, karatasi imebaki mfukoni mwake. Miezi mitatu baadaye gari linasimamishwa Kikatiti, askari anaingiza namba kwenye mashine, na mwenye gari aliyeko Njiro anatakiwa kulipa kosa asilolijua, la mtu asiyemfahamu hata kwa sura. Gari ndilo linaloonekana barabarani, kwa hiyo gari ndilo linalodaiwa kwanza.

Hilo la fedha lina dawa. Linalonisumbua zaidi ni la pili. Dereva aliyeandikiwa mara kumi na kulipa mara kumi, ukitazama madeni yake kwenye ukurasa ule, hana tofauti na yule ambaye hajawahi kuandikiwa. Safi wote wawili. Mwenye kampuni ya utalii anayetafuta mtu wa kupeleka wageni Momela au Karatu anaona usafi huo, anampa funguo za Land Cruiser. Ukurasa umemjulisha kama mtu anadaiwa. Namna anavyoendesha haimo.

Nenda Tengeru Jumatano au Jumamosi, siku za soko, utaelewa kwa nini nalisema hili kwa uchungu. Tangu barabara ya Sakina hadi Tengeru ijengwe njia mbili kila upande, kilomita 14.1, magari yanashuka kwa kasi kubwa. Kina mama wa Kimeru wanatoka migombani na mikungu kichwani, wanasimama katikati kwenye ukingo, wanageuza shingo kwa shida chini ya mzigo, ndipo wanavuka nusu ya pili. Dereva anayelipa 30,000 kila mwezi kama anayelipa bili ya maji ni hatari kwao, hata kama hana deni.

Kwenye mabasi tumepiga hatua. Kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha kufuatilia mwenendo wa gari kinarekodi mwendo, na kitufe cha dereva kinaonesha ni nani alikuwa usukanini. Hiyo ni kumbukumbu ya mtu. Naona leseni zote zingefaa kuwa na kumbukumbu ya namna hiyo, yenye miaka inayojulikana, ili aliyejirekebisha asafishwe na asiyejirekebisha aonekane.

Kwa sasa, mwenye gari, angalia namba ya gari lako kila Jumatatu. Ukinunua, muuzaji alipe kwanza, akupe risiti, ndipo msaini mkataba. Yule kijana wa Sakina alifanya hivyo na Noah anayo. Kabla ya kwenda TRA kuhuisha leseni yako ya miaka 5, ingiza namba ya leseni nayo uione. Na kabla hujampa deiwaka funguo, piga picha leseni yake.