Dola Nne na Nusu Kichakani

Kabla ya kuuliza mpira upi wa gofu ni bora, jiulize unapoteza mingapi. Mchezaji wa hendikapu 28 akimaliza raundi akiwa amepoteza mipira minne, hakuna atakayemshangaa. Mimi ni wa hendikapu hiyo, na kuna Jumamosi niliondoka uwanjani nimebakiwa na mmoja tu, tena si wangu.

Titleist Pro V1, mpira ulioingia kwa wachezaji wa kulipwa mwaka 2000, huuzwa Marekani takribani dola 55 kwa dazeni, yaani dola 4.58 mmoja. Mpira wa kawaida wa tabaka mbili hupatikana kwa dola 24 hivi kwa dazeni, yaani dola 2. Ukiununua Nairobi au Dar es Salaam, ongeza nauli ya mzigo, ushuru na faida ya mwenye duka.

Sasa tuseme unacheza raundi 50 kwa mwaka na kila raundi inameza mipira minne. Hiyo ni mipira 200: dola 917 kwa ule wa ghali, dola 400 kwa ule wa kawaida. Mwenzako wa hendikapu 5, anayepoteza mmoja kila raundi mbili, anahitaji 25 tu kwa mwaka. Kwake tofauti ni dola 65 hivi. Kwako ni 517. Ndiyo maana ushauri wake kuhusu mipira, hata akiutoa kwa nia njema, haukuhusu.

Je, dola hizo 517 zinanunua nini? Si umbali. Sheria zinataka kila mpira usizidi gramu 45.93 wala kupungua kipenyo cha milimita 42.67, na kasi yake ya kuondoka ina kikomo. Unacholipia hasa ni ganda la yurethani, laini kiasi cha kushikwa na mifereji ya weji, mpira ukazunguka kwa nguvu na kusimama ukitua kwenye grini. Ila weji lazima iupate vizuri. Ukiupiga tumboni kwa ukingo wa fimbo, kama nifanyavyo mimi, utapaa hadi ng'ambo ya grini, yurethani yake na yote. Sikatai kwamba una raha yake, hasa unapousukuma taratibu kuelekea shimoni. Raha hiyo hainipunguzii mikwaju.

Kinachoiongeza ni kupotea. Tangu 2019 una dakika 3 za kutafuta, si 5 kama zamani. Zikiisha, unaongezewa pigo moja la adhabu na kurudi ulikopigia. Ukiwa ulianzia kwenye tii, sasa unapiga la tatu. Hapo bei haisaidii kitu. Rangi inasaidia. Masika, nyasi za pembeni zikifika kifundoni, mpira wa njano huonekana hatua kadhaa kabla ya mweupe.

Kuna pia mipira ya makedi, iliyookotwa na kuoshwa, ambayo bei yake ni maelewano. Wiki iliyopita kijana mmoja alinifungulia mfuko wake, nikautoa Pro V1 unaong'aa kuliko mpya. Nilipoupitishia kidole gumba, vishimo vyake vilikuwa vimejaa rangi na maandishi yamepinda: umepakwa upya. Nikaurudisha. Vishimo ndivyo vinavyoubeba mpira hewani, na vikijaa rangi hujui utaruka vipi. Chini yake kulikuwa na wa tabaka mbili, umechakaa kidogo, ganda zima, una alama ya kalamu ya bluu ya mwenyewe wa zamani. Huo niliununua.

Raundi tano zijazo, andika nyuma ya kadi idadi ya mipira unayopoteza. Wastani ukizidi miwili kwa raundi, nunua ya dola 2, ya njano, na ushikilie aina hiyo hiyo mwaka mzima.